Msumari wa Arobaini na Mbili

Kwenye ukuta wa karakana ya Mzee Kantilal mjini Jinja, upande ule usiofikiwa na cheche, kulikuwa na misumari arobaini na moja, na kila msumari ulikuwa umebeba kipande cha chuma bapa chenye umbo la yai lililovutwa ncha. Mgeni akiingia hudhani ni mapambo, au pengine ni mambo ya ibada ya Wahindi. Zaituni Marjan naye alidhani hivyo siku ya kwanza, alipokuwa na miaka kumi na saba, akipita na kikapu cha kumpelekea baba yake chakula kiwandani. Akauliza. Akajibiwa juujuu. Akauliza tena, na tena, mpaka chakula kikapoa, na tangu siku hiyo hajatoka katika karakana ile.

Vipande vile huitwa violezo. Ndani ya injini kuna fimbo ya chuma iitwayo kemshafti, na juu ya fimbo hiyo kuna nundu, kama za ng'ombe, kila moja imeelekea upande wake. Kemshafti inapozunguka, nundu inasukuma valvu, valvu inafunguka, injini inavuta pumzi. Nundu ikipita, springi inairudisha valvu na mlango unafungwa. Ni hivyo tu. Lakini fikiria: injini ikizunguka mara elfu sita kwa dakika, kemshafti inazunguka nusu ya hiyo, na kila valvu inafunguka na kufungwa mara hamsini kwa sekunde moja. Jaribu kupiga makofi hamsini katika muda wa kutamka jina la mtaa wa Walukuba. Hutafika hata matano. Na milango yote hiyo inaamriwa na umbo la nundu, na umbo la nundu linatoka kwenye kiolezo, kwa sababu mashine kongwe ya Mzee Kantilal haijui kufikiri. Kigurudumu chake kinapapasa ukingo wa kiolezo, na jiwe lake linasaga chuma kwa kuiga.

Kila kiolezo ukutani kina herufi iliyogongwa kwa patasi. Vingi vina K. Vile vyeusi vya juu vina H, ya marehemu baba yake Kantilal. Na sheria ya ukuta ule ni moja tu, nayo ni ya tangu enzi za huyo H: kiolezo hakitundikwi mpaka injini yake iende ikafanye kazi ile iliyochorewa, irudi, na mwenye injini aseme imefanya. Kikishindwa, kinaingia kwenye pipa la vyuma chakavu, bila maneno.

Hapakuwa na Z ukutani.

Zaituni sasa ana miaka thelathini na minne. Amezaliwa Walukuba, katika nyumba zilizojengewa wafanyakazi wa viwanda, na bado anaishi huko na mama yake, Bi Sharifah. Babu yake alikuwa askari, Mnubi wa zamani hasa, na kwa hiyo majirani wanamwita Zaituni "Afande", nusu kwa heshima nusu kwa utani, maana anavyotembea ni kama anayekwenda kukagua gwaride lililochelewa. Hakai. Akila, amesimama. Akisimama, mguu mmoja unapiga sakafu. Bi Sharifah, ambaye anaweza kukaa toka asubuhi hadi adhuhuri akisuka tabaga, zile kawa za rangi rangi za kufunikia chakula, humtazama na kusema kuwa amemzaa kuku anayetaka kutaga.

Kwa miaka kumi na saba Zaituni alisaga kemshafti za mashine za kusagia unga wa posho, za malori, za jenereta za watu, zote kwa violezo vya wengine. Mikono yake ilikuwa hodari kuliko ya mtu yeyote kutoka Jinja hadi mpakani. Lakini alipomwomba Mzee Kantilal ruhusa ya kuchora nundu yake mwenyewe, mzee alifuta miwani na kumwambia, "Dikri, kopi ni mkono. Kuchora ni sikio. Ngoja." Dikri kwa Kigujarati chake ni binti. Kwa hiyo alikuwa anamwita binti na kumkatalia katika pumzi moja.

Akangoja. Tuseme alijaribu kungoja.

Mwaka huu, mwezi wa tatu, Nabalayo alisimamisha Datsun mbele ya karakana. Huyo ni msichana wa Mbale, mwenye miaka ishirini na sita, anayeendesha pikapu ya kahawa siku za kazi, na siku nyingine anaota mbio za magari. Datsun ilikuwa ya baba yake: gari la michezo la miaka ya sabini, milango miwili, pua ndefu kama ya mbwa wa kuwinda, silinda sita mstari mmoja. Rangi ilikuwa imechunika. Injini ilivuta, lakini kizee. Nabalayo alisema anataka nguvu, kwa sababu mwezi wa sita kuna mashindano ya kupanda Wanale, mlima ule unaosimama juu ya Mbale kama ukuta, na amechoka kupitwa na magari ya vijana wa Kampala.

Mzee Kantilal aliizunguka Datsun mara mbili. Akakaa. Akamwangalia Zaituni, ambaye alikuwa ameshafungua boneti bila kuambiwa.

"Sawa," akasema. "Hii chora wewe."

Zaituni hakulala vizuri wiki tatu. Alifungua injini yote, akachonga silinda kidogo kwa ndani ziingie pistoni kubwa, akapanua njia za hewa, akasugua kuta zake hadi ziteleze kama sahani ya kaure. Lakini hayo ni mambo ambayo fundi yeyote mzuri anaweza. Akili yake yote ilikuwa kwenye nundu. Nundu ya kiwandani ilikuwa inaacha valvu wazi kwa digrii mia mbili arobaini na nane za mzunguko. Yeye alitaka mia mbili themanini na nane.

Kwa nini? Hebu fikiria lango la uwanja siku ya mpira. Watu wakija mbio, wamesukumana, ukichelewa kidogo kulifunga lango wataendelea kujazana hata kama ndani kumejaa, kwa sababu wa nyuma wanawasukuma wa mbele. Hewa ikiingia kwa kasi ndiyo hivyo: ukichelewa kufunga valvu, silinda inashiba kupita kiasi chake. Na silinda iliyoshiba ndiyo nguvu.

Alichora, akafuta, akachora. Tatizo lilikuwa mwanzo wa nundu. Ukiinua valvu kwa ghafla, inapigwa kama kwa nyundo, na springi inachanganyikiwa. Alipokwama alikwenda kusimama nyuma ya mama yake, akatazama tabaga inavyogeuka kutoka nyekundu kwenda njano, uzi mmoja, kisha miwili, kisha minne, kisha nyekundu haipo na hujui iliondoka wapi. Akarudi karakana saa ileile, jua la mchana utosini: nundu nayo ingeanza kuinuka hivyo, kidogo kidogo. Kiolezo alikikata kwa tupa, siku kumi na moja, akikipima digrii baada ya digrii. Kilipokwisha, alisaga kemshafti kwa kukiiga, lakini hakukigonga herufi. Hiyo ingekuwa kujivika kilemba mapema.

Ilibaki kujua kama valvu, sasa zikishuka zaidi na kukaa chini zaidi, hazitagongana na pistoni. Mafundi wa karakana ile wana njia yao ya kupima. Zaituni alikwenda kwa Ooko, mkaanga chapati wa pale njia panda, akaomba donge la unga lililokandwa, lenye mafuta. Ooko alimpa, akamwuliza kama leo injini inakula na mayai au kavu. Zaituni alilaza donge juu ya pistoni, akafunga kichwa cha injini, akaizungusha kwa mkono mara mbili taratibu, akafungua. Valvu zilikuwa zimeacha alama kwenye unga. Akalikata kwa wembe, akapima pale palipominywa zaidi: milimita mbili na nukta mbili. Akaandika katika daftari lake: tundu la kwanza, 2.2.

Hilo tundu lielewe, maana litarudi. Gia inayoizungusha kemshafti ya Datsun ile ina matundu matatu ya kuishikiza. Ukitumia la kwanza, valvu zinafunguka na kufungwa kwa saa yake ya kawaida. Ukihamia la pili, kila kitu kinawahi kwa digrii nne. La tatu, nane.

Jumapili moja asubuhi, barabara ikiwa tupu, walitoka na Datsun kupita Bugembe kuelekea Iganga. Nabalayo kwenye usukani, Zaituni kando, daftari mapajani. Hadi mzunguko wa elfu nne gari lilinung'unika. Baada ya hapo likaamka. Sauti ilipanda, ikawa kama turubai refu linalochanwa na mikono miwili yenye hasira, na wauza mananasi wa Bugembe wakasimama kando ya biashara zao. Zaituni alihisi mgongo wake ukigandamizwa kitini. Alikuwa anacheka bila sauti na machozi yanamtoka, na Nabalayo alipogeuza gari kurudi aliomba warudie, kisha warudie tena.

Waliporudi Mzee Kantilal aliuliza swali moja tu: Wanale ikoje? Zaituni akajibu kwamba ni mlima. Mzee akasubiri zaidi, hakupata, akaenda kunywa chai.

Ijumaa ya kabla ya mashindano, Zaituni alifika Mbale. Ilikuwa mara yake ya kwanza kuiona Wanale kwa karibu. Alipokuwa Jinja mlima ulikuwa neno. Sasa ulikuwa na njia nyekundu inayojikunja kama utumbo wa mbuzi, kona juu ya kona, nyingine zimebana hivi kwamba gari lazima likaribie kusimama ndipo ligeuke.

Nabalayo alipandisha kwa majaribio. Kona ya kwanza, Datsun ikapunguza mwendo, mzunguko ukaanguka hadi elfu mbili na mia tano, na alipokanyaga mafuta injini ikakohoa. Ya pili vilevile. Ya tatu ikazima kabisa, katikati ya njia, na watoto waliokaa kwenye ukingo wa shamba la vitunguu wakaanza kuisukuma kabla hawajaombwa, wakiimba.

"Huyu mtu wako analala kwa kona," Nabalayo alisema. Hakuwa na hasira, na hilo lilimuuma Zaituni zaidi. "Kwa Bugembe ilikuwa simba. Huku iko paka."

Zaituni alijua papo hapo. Alijua kama unavyojua umeacha moto jikoni. Lango la uwanja: watu wakija mbio, chelewa kulifunga. Lakini wakija polepole, mmojammoja, ukichelewa kulifunga walioingia wanageuka na kutoka tena. Injini ikizunguka taratibu, valvu yake iliyochelewa ilikuwa inairudisha nje hewa iliyokwishaingia. Alikuwa amechora nundu ya barabara iliyonyooka, kwa sababu yeye ni mtu wa barabara iliyonyooka. Katika siku zote zile za tupa na daftari hakuja hata mara moja kuhesabu kona. Bi Sharifah angesema, mkamia maji hayanywi.

Na kiolezo kiko Jinja, juu ya meza, bila herufi.

Nabalayo amepanga chumba mtaani Namakwekwe, katika ua wenye vyumba vinane na bomba moja la maji. Jumamosi saa kumi na mbili asubuhi Zaituni alikuwa ameshafungua kifuniko cha juu cha injini hapo uani, katikati ya ndoo za watu. Mashindano yalikuwa saa nne. Kusaga kemshafti nyingine haiwezekani. Lakini kuhamisha tundu inawezekana. Valvu zikiwahi kufunguka, zitawahi kufungwa pia, na hewa haitapata nafasi kubwa ya kutoroka kwenye kona.

Kuna mtego. Ukiitoa gia bila kuuzuia mnyororo wake usilegee, kile chuma kinachoukaza kinachomoka huko chini, na hapo unafungua uso wote wa injini, kazi ya siku nzima. Huzuiwa kwa kabari ya mti, nyembamba, ndefu kama mkono. Zaituni aliisahau Jinja. Alizunguka ua mara tatu akitafuta mti, kisha macho yake yakatua kwenye mwiko wa Mariat, jirani wa chumba cha pili, aliyekuwa akikoroga uji.

Mariat aliusikiliza mpango wote. Akaulamba mwiko, akautazama.

"Huu umesonga posho ya harusi mbili," alisema. "Ukirudi na harufu ya mafuta, wewe ndiye utakayekula."

Akautoa. Zaituni akauchonga kwa kisu huku Mariat akigeuza uso pembeni kama anayeona kuku wake akichinjwa. Kabari ikaingia, mnyororo ukakaa.

Ndipo Nabalayo akainama juu ya injini na kuuliza tundu la tatu linafanya nini. Zaituni akamweleza: nguvu zaidi huko chini. Nabalayo akasema basi weka la tatu. Zaituni akafungua daftari. Kulingana na hesabu zake kila tundu linaiba karibu nukta nne za milimita kati ya valvu na pistoni. La pili litaacha moja na nukta nane. La tatu, moja na nukta nne, na sheria ya karakana ni kwamba chini ya moja na nusu hakuna kwenda, kwa sababu injini ikikimbia vyuma vinanyumbuka na springi zinachelewa. Hapa hapakuwa na donge la unga wala muda wa kufungua kichwa cha injini. Palikuwa na daftari tu.

"Ni gari yangu," Nabalayo alisema. "Ikivunjika, imevunjika kwangu."

"Gari ni yako. Kemshafti ni yangu mpaka itundikwe. La pili."

Kisha Nabalayo akachukua spana na kumpa mkononi, spana isiyo yenyewe, lakini alimpa.

Saa nne Zaituni alikuwa amesimama kwenye kona ya tatu, ileile. Magari yalikuwa kumi na moja. Ya Kampala yalipita yakirusha kokoto, mapya, mekundu na ya samawati, na yeye hakuyaona. Alikuwa na sikio. Datsun aliisikia kabla haijatokea: inapanda, inashuka, inapanda. Ikaingia kwenye kona, mzunguko ukaanguka, na kwa muda wa kumeza mate ikasitasita pale palipoiua jana. Ikakohoa mara moja. Kisha ikavuta. Haikuvuta kama Bugembe. Ilivuta kama mtu anayebeba gunia la kahawa na ameamua kufika. Ilipopata kipande kilichonyooka juu ya kona ikapaza ile sauti ya turubai, watoto wa vitunguu wakapiga mayowe, ikapotea.

Nafasi ya tatu. Nabalayo alishuka huko juu akiwa na vumbi hadi kwenye kope, wakambeba, akapewa kikombe cha plastiki cha rangi ya dhahabu. Alipomtafuta Zaituni wapige picha hakumwona. Zaituni alikuwa amepandishwa na bodaboda hadi juu, na sasa anashuka mlima kwa miguu, na kalamu, anahesabu kona. Ishirini na sita. Kumi na tisa kati yake zingeangusha mzunguko chini ya elfu tatu. Kila kona aliichora, na kila kipande kilichonyooka alikipima kwa hatua zake, zile za kukagua gwaride. Alifika chini viatu vimepasuka.

Jumatatu karakana ilikuwa imekwishasikia. Fundi wa kuchomelea alimpigia saluti. Mzee Kantilal alikuwa kwenye kiti chake, kiolezo kipo mapajani, na pembeni patasi yenye herufi ambayo Zaituni hakuwahi kuiona pale. Z. Ilikuwa mpya, bado ina mafuta ya dukani.

"Ya tatu," mzee akasema.

"Ya tatu, Mzee. Lakini kwa tundu la pili."

Angeweza kunyamaza. Nabalayo asingesema, hata hakujua kwamba jambo lile lina uzito. Zaituni alikuwa ameufikiria ukimya huo njia nzima kutoka Mbale.

Mzee alimwuliza, alipokichora kiolezo, alikichorea tundu gani. La kwanza, akajibu. Akaulizwa kilichorewa kazi gani. Kupanda Wanale. Kikaweza? Hakikuweza, mpaka tundu lilipohamishwa.

Mzee Kantilal aliigeuza patasi mkononi, akaiweka mezani taratibu. Halafu akamnyooshea kile kiolezo, na pipa la vyuma chakavu lilikuwa hatua nne tu kutoka pale.

Zaituni alikipokea, akapiga hatua mbili kuelekea pipani, akasimama. Akakiinua kwenye mwanga wa mlango. Nundu inayofungua valvu kwa muda mrefu ni nene mabegani. Nundu ya kona ni nyembamba. Na kutoka unene kwenda wembamba, tupa inaweza. Ni kupunguza tu, hakuna cha kuongeza. Akageuka, akakibana kwenye jiliwa, akafungua daftari kwenye ule ukurasa wa kona ishirini na sita, na kabla hajavua hata mtandio wa safari tupa ilikuwa imeanza kulia.

Alifanya kazi hivyo kwa muda. Nyuma yake akasikia kiti kikisogezwa, kisha nyundo, mapigo manne ya mkono wa kizee usio na haraka. Alipogeuka, mzee alikuwa amesimama ukutani, na baada ya kiolezo cha arobaini na moja kulikuwa na msumari mpya, mtupu, unang'aa. Hakuna aliyewahi kuona msumari ukipigwa kabla ya kiolezo.

"Mashindano mengine lini?" mzee akauliza.

"Mwezi wa kumi na mbili."

"Safari hii nenda kabla," akasema, akarudi kwenye chai yake.

Zaituni alikuwa ameshainama tena. Mguu wake wa kulia ulikuwa unapiga sakafu.